Marehemu Daktari Kahonzi Jefwa, Mwenye Ufito

Mdogo wangu tunayemzika leo, Daktari Kahonzi binti Jefwa, alipokuwa na miaka minane alisimama mbele ya watu wazima akasema mimi nililala na mgema. Sikulala naye. Naanza na hilo kwa sababu nimekaa nalo tangu mwaka 1949. Kamati ya mazishi ilikuja kuniambia, "Mama, useme kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa, basi." Nikawauliza, na ule uongo utasemwa na nani? Mgema mwenyewe yuko hapa. Yule pale kando ya tangi la maji, mwenye kofia mkononi. Dena, simama wakuone. Haya, kaa.

Mimi ni Kavumbi, dadake mkubwa. Shule nilikwenda kidogo, nikajuana na herufi mpaka m. Kuanzia n kwenda mbele hatujafahamiana hadi leo. Kwa hiyo maneno haya nimesema kwa mdomo, akaandika shemeji yangu Laban, mume wa marehemu, ambaye ni mwalimu. Anasoma yeye, nami nimekaa kando yake kwenye kiti, namsikiliza asiruke. Alitaka kuruka mahali pawili. Nimemkataza.

Marehemu alizaliwa Kaloleni, nyumbani kwa mzee wetu Jefwa, nyuma ya misheni. Karatasi ya ubatizo inasema tarehe 14 Machi 1941. Aliyeiandika alikisia. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka kama kumi, na siku hiyo mvua ilinyesha mpaka kuku wakaingia ndani. Machi mvua ile haijaanza. Lakini yeye mwenyewe alisema tuiache tarehe ya karatasi, maana ndiyo iliyokwenda naye ng'ambo. Mama alizaa sita. Tulioishi ni sisi wawili, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho.

Alikuwa mtoto wa kuuliza. Sisemi kusifu, alichosha. Alipokuwa na miaka sita hivi, kuku wa mama alikuwa amelalia mayai, na kila tukihesabu tunakuta yamepungua. Mama akasema ni kenge. Tukamngoja kenge kwa panga. Kumbe kenge ni Kahonzi. Kila asubuhi alichukua yai moja, akalipasua nyuma ya zizi la mbuzi, akalitazama, akalifukia. Mama alipomshika alimchapa, akamuuliza, "We, unatafuta nini humo?" Huku analia akajibu, "Nataka kuona linaanzia wapi jicho." Mama akamwambia, "Na sisi tutakula nini?" Hilo hakuwa amelifikiria. Lakini jicho aliliona. Alisema lilikuja siku ya nne, kama chembe ya pilipili manga.

Mwaka 1948 niliolewa Tezo, na Katana wa kule. Desturi yetu, msichana akiolewa mbali alifuatana na mdogo wake, amtekee maji, na mtoto akija amshike. Nikaenda na Kahonzi. Mwaka uliofuata nikapata uchungu wa mimba yangu ya kwanza, na hapa ndipo mahali pa kwanza Laban alipotaka kuruka.

Zamani kwetu, mwanamke akishikwa na uchungu siku mbili mtoto hatoki, ilisemwa ana mwanaume wa nje. Mtoto amekwama juu ya siri hiyo, hatoki mpaka jina litajwe. Basi hakuitwa mtu wala hakukutafutwa gari. Palikuwa na lori la mbata likipita barabarani kila siku kwenda Kilifi. Mama mkwe wangu, Mekatana, aliketi miguuni pangu na wazee wawili wa kike.

"Taja."

"Sina wa kutaja."

"Taja, mwanangu, utakufa na mtoto."

"Mama, sina. Nimtaje nani, nimtaje mbuzi?"

Ulimi huu sikuuanza leo. Akanipiga kofi la paja. Siku ya tatu nilipoishiwa nguvu walitoka nje, wakamwita Kahonzi. Nilisikia kila neno, ukuta ulikuwa wa makuti.

"Kahonzi, wampenda dadako?"

"Nampenda."

"Yeye hawezi kusema tena. Ukisema wewe, mtoto atatoka na dadako atalala usingizi. Katana akiwa shamba, nani huja hapa?"

Nilimjua, alikuwa anatafuta. Mtu wa kiume aliyefika pale kila siku alikuwa mmoja tu, mgema wa minazi ya baba mkwe, aliyepanda asubuhi na jioni na kibuyu chake kiunoni, akishuka anaondoka. Akasema, "Dena."

Wakapiga vigelegele, ati dawa imepatikana. Kahonzi akaja ndani mbio, akapiga magoti, akafunua nguo, akatazama kule mtoto anakotokea. Akangoja. Kisha akaniambia masikioni, "Dada, nimeshataja. Mbona hatoki?"

Swali hilo ndilo lililompeleka shule zote mtakazozisikia.

Mtoto wangu alitoka siku ya nne, wa kiume, amekufa. Mimi nikapona, ila palichanika ndani, na tangu hapo mkojo ukawa unatoka wenyewe, mchana na usiku, bila ruhusa yangu. Hando langu, ile sketi yetu ya marinda, halikukauka. Mekatana akachoma mkeka niliolalia, nikarudishwa kwetu Kaloleni na Kahonzi nyuma yangu amebeba chungu. Dena walimpiga, wakamtoa kwenye minazi, akaishia kukata mkonge Vipingo, yeye ambaye mkono wake ulikuwa wa kugema. Hakuoa mpaka alipokuwa mtu mzima sana. Nani angempa binti?

Mimi sikuolewa tena. Kanisani nilikaa mlangoni, chini, penye upepo. Wengi wenu hapa mlinipita mkishika pua. Nawaona.

Mwaka 1950 Kahonzi aliingia shule ya misheni Kaloleni. Baba hakuwa na haja ya kusomesha msichana; alisema tu, "Mpelekeni, hapa nyumbani atatumaliza kwa maswali." Mwalimu naye baada ya wiki mbili alikuja kumuuliza baba kama hakuna ndugu yake mwingine ambaye angeweza kumletea badala ya huyu. Alisoma mpaka darasa la nane, akapita wavulana wote. Akaenda shule ya bweni ya wasichana bara, na mwaka 1961 akaingia Makerere kusomea udaktari, akamaliza 1967. Mwaka 1970 alikwenda Uingereza kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi Desemba 1974. Hapakuwa na mwanamke mwingine wa kwetu huku pwani aliyekuwa daktari wa namna hiyo. Kama yuko, hakuja kuniambia.

Miaka yote hiyo aliandika barua, baba akasomewa. Kila barua mwisho: "Mwambieni dada nikirudi nitamtengeneza." Nami nikimwambia mwandishi wa baba, "Andika: aanze kuutengeneza mdomo wake."

Akarudi. Alikuja nyumbani na gari, amevaa viatu vya ngozi, akavivua, akaketi nami kwenye mkeka wangu, palipolowa, bila kukunja uso. Kwa hilo namsifu.

"Dada, twende Malindi. Ni tundu, dogo tu, najua kulishona. Nimeshona wengi."

"Nani alinitajia Dena?"

"Dada, nilikuwa mtoto."

"Sasa u mkubwa. Nenda Tezo ukaseme ni uongo."

"Nikisema leo itasaidia nini? Watu wameshasahau. Niache nikushone kwanza."

"Ukinishona sasa nitakuwa malaya mkavu. Nenda ukaseme, ndipo unishike."

Akalia. Mimi sikulia. Akavaa viatu akaenda zake. Na hivyo tulikaa miaka kumi na miwili, yeye akishona wanawake kutoka Lamu mpaka Lungalunga, na dadake amekaa Kaloleni juu ya nguo mbichi. Watu walinisema. Walisema nina kichwa kama jiwe, nimekataa neema. Mchungaji alikuja mara tatu. Nikamwambia, mchungaji, mkojo ni wa kwangu, uongo si wa kwangu. Chako ni kipi?

Nilijiuliza sana, na hili nawauliza na ninyi: mtu aliyepasua matumbo bila mkono kutetemeka, aliogopa nini kwenda kusimama ua wa watu dakika mbili? Nilifikiri ni kiburi cha elimu. Nilikosea, nitawaambia.

Kazi alianza Malindi, Februari 1975, kisha akahamia hospitali ya Kilifi mwaka 1979 mpaka mwisho. Wanaomjua vizuri ni wakunga wa mitaani, maana daktari huyu hakuwafukuza. Aliwaendea. Mwanabibi wa Malindi, ambaye leo ametuletea mazikoni watu gari zima, ndiye aliyenisimulia siku ya kwanza. Kahonzi alibisha hodi kwake mtaani, akiwa na daftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiwe daktari? Umekuja kunifunza kuzalisha?"

"Hapana, bibi."

"Maana nimekuulizia. Umezaa wangapi?"

"Sijazaa."

"Hata babangu hakuzaa, lakini yeye alikaa kimya."

Kahonzi akacheka mpaka akaketi kizingitini. Kisha akasema, "Bibi, sikuja kufunza. Nimekuja kuuliza. Wale waliokufia mkononi, unawakumbuka?"

Mwanabibi aliniambia hapo alitaka kumfungia mlango. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akasema anawakumbuka, kumi na mmoja, kwa majina.

"Walikuwa wa kimo gani?"

Mwanabibi akafikiri. Akasimama. Akainua mkono, akaushusha, akaushusha tena, ukafika begani kwake. "Wengi wa hapa," akasema. "Ah! Wengi wao wa hapa. Mbona sikuona?"

Kahonzi akaandika. Akaenda kwa mkunga mwingine, Mambrui, na mwingine, na wa Kuruwitu, na wa huku kwetu milimani, anauliza lile lile, nao wanainua mkono na kuushusha. Ndipo akakata fito za mikoko, akatia kila moja alama ya kisu, akampa kila mkunga wake. Mwanamke wa mimba ya kwanza asimame. Akiipita alama, mzalishe. Asipoifika, usingoje uchungu. Mlete kwangu mapema, nyonga yake huenda ni ndogo, mtoto hapiti. Basi. Hakuna kusoma, hakuna karatasi. Madaktari wenzake walimcheka, ati amesoma Uingereza miaka minne kuja kugawa fito. Baada ya miaka mitatu walikuja kumuomba wazione.

Na jambo la pili: katika wodi yake hapakuruhusiwa mtu kumwambia mwenye uchungu "taja." Alimtoa nje mama mkwe mmoja kwa kumshika mkono, na alikuwa mama wa mkubwa fulani. Lakini hakuwa mkali kwa wagonjwa. Walikuwa wakimuita Mwenye Ufito, na watoto wengi huko Ganze na Bamba wameitwa Kahonzi, hata wa kiume mmoja, masikini.

Alama ile mnajua alipimia wapi? Siku moja mwaka 1976 alikuja Kaloleni na ufito mrefu, akaniambia, "Dada, hebu simama hapa." Nikasimama. Akauweka nyuma yangu, akatia kisu vidole viwili juu ya utosi wangu. Mimi nikajua ananipimia gauni. Nilingoja gauni lile miaka kumi. Halikuja.

Ndoa yake ilifungwa Kaloleni Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, na mwalimu Laban huyu anayesoma. Alikuwa na miaka thelathini na tano, na watu walikuwa wameshakata tamaa kwa niaba yake. Mchungaji alipomuuliza kama anamkubali, alisema, "Nina swali." Akamgeukia Laban. "Nikiitwa hospitali sufuria iko jikoni, nani atapakua?" Laban akasema, "Mimi." Akasema, "Basi namkubali." Na alipakua. Miaka yote alipakua, na wali wake ni mzuri kuliko wa marehemu, hilo nalisema mbele ya jeneza na yeye angekubali. Walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza, wa kike, desturi ilitaka jina la upande wa Laban. Yeye akamuita Kavumbi. Akaniletea kanga na habari hiyo. Nikamwambia, jina langu ulilitia midomoni mwa watu siku nyingi, sasa unaniongezea nini? Kanga nikaichukua.

Ugonjwa. Novemba 1987 aliuona uvimbe kwenye titi lake mwenyewe akioga, akautazama, akaupima kwa vidole, akauandika. Alipasuliwa Nairobi mwezi ule ule, akarudi kazini Januari. Ulipotokea tena chini ya kwapa, aliwaita madaktari wachanga wote wa Kilifi na masista, akaketi kitandani, akawaambia, "Njooni mmoja mmoja. Wekeni mkono mjue unavyokuwa, ili mkiukuta kwa mtu mwingine msikose." Wengine walilia. Akawaambia wasilie, wabonyeze. Kuanzia Agosti mwaka huu hakutoka nyumbani. Maumivu yalikuwa makubwa, sitayapamba. Aliuliza kila dawa inakwenda wapi mwilini, inafanya nini ikifika.

Alifariki nyumbani kwake Kilifi, Jumanne tarehe 11 Oktoba 1988, saa nne asubuhi. Sista mmoja wa wodi alikuwa amepita kumjulia hali. Marehemu akamuuliza, "Yule wa kitanda cha nne?"

"Amezaa, daktari. Wa kike."

"Kichwa kilipita?"

"Kimepita."

Akafumba macho. Hakuuliza tena, na hapo ndipo mimi nilipojua, maana sijawahi kumwona Kahonzi amejibiwa akaridhika mara moja.

Ameacha mume, mwalimu Laban, binti, Kavumbi, miaka kumi na moja, mwana, Jefwa, miaka tisa, nami dadake. Wajukuu hakuwahi. Wakunga wenye fito zake ni mia moja na nne, nao nawahesabu katika waliobaki, msinibishie.

Sasa narudi kwa lile nililoanza nalo, na hapa ndipo mahali pa pili Laban alipotaka kuruka. Nimeliweka mwisho kwa sababu ningelisema mapema mngeondoka kwenda kula.

Julai 1986 aliletwa hospitalini Kilifi mke wa miaka kumi na saba, anaitwa Kadzo, kutoka Tezo. Uchungu siku ya tatu, mtoto ameshakufa tumboni. Kahonzi alimtoa mtoto, akamwokoa mama. Lakini yalikuwa yale yale; kesho yake kitanda kikaanza kulowa. Kahonzi akatoka nje kwa jamaa waliokuwa wamemleta, akawauliza alichowauliza wote siku zote.

"Mbona mlichelewa?"

"Tulikuwa twangoja ataje."

"Mnangoja ataje, siku hizi?"

"Hawe wetu alisema itafaa. Alisema hata mke wa kwanza wa Katana alitajiwa, ndipo akapona."

Ilikuwa nyumba ile ile. Hawe, yaani bibi, ni Mekatana, bado yu hai, haoni tena, na Kadzo ni mke wa mjukuu wake. Miaka thelathini na saba neno la Kahonzi lilikuwa limekaa pale ua ule kama dawa iliyojaribiwa ikafaa. Wengine wangapi walingojewa wataje kwa sababu yangu mimi niliyepona? Hatujui. Yeye alitaka kujua, akaenda kuuliza. Wanawake waliokumbukwa pale kuwa walingojewa walikuwa wawili, na mmoja alizikwa.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 1986 alfajiri imekwisha pambazuka, alikuja kunichukua. Hakusema salamu ndefu. "Dada, panda." Nikamwambia nitalowesha kiti chake. Akasema, "Kiloweshe." Tukashuka kwanza mpaka Vipingo kumchukua Dena, aliyepanda akakaa nyuma bila kuuliza, kofia mkononi hivyo hivyo. Tukageuka kwenda Kilifi, tukapanga foleni ya feri. Hapo garini, tukingoja, nikamuuliza kile nilichowauliza ninyi. Uliogopa nini?

Akatazama maji. "Dada, walisema jina la kweli likitajwa mtoto atatoka. Nikataja la uongo, mtoto akafa. Basi nilimuua mimi. Ningetaja la kweli angeishi."

"We mwehu? Hapakuwa na la kweli!"

"Najua. Kichwani najua ni nyonga, nimezipima elfu. Lakini yule wa miaka minane bado yumo humu ndani, naye hajasoma. Nikisimama Tezo kusema nilidanganya, yeye husikia nasema niliua."

Dena huko nyuma akakohoa. Akasema, "Mimi nilikuwa juu ya mnazi tu." Tukacheka sote watatu, Mungu atusamehe, mpaka mtu wa feri akatugongea kioo.

Tezo walikuwa wamekusanyika, alikuwa ametuma habari. Katana, mume wangu wa zamani, mvi tupu. Mekatana ameketi kwenye kitanda cha kamba. Kadzo pembeni, kwenye mkeka, peke yake, penye upepo. Nilipajua mahali pale alipokaa.

Kahonzi alisimama katikati ya ua na ufito wake. Ile sauti ya wodini haikuwepo.

"Hawe, mwaka ule mliniita nje mkaniuliza nani huja hapa. Nikasema Dena. Nilidanganya. Sikumwona Dena akiingia nyumba ya dada hata siku moja, nilimwona akipanda mnazi. Mlisema mtoto atatoka, nami nilitaka atoke. Dada hakuwa na mtu. Alisema kweli siku tatu, mkasikiliza mtoto."

Mekatana akageuza uso kama anayetafuta harufu. "Basi kama ulidanganya, mbona alipona?"

Watu wakaguna, ni swali zuri. Kahonzi akatulia, kwenye swali ndipo miguu yake ilipopata ardhi.

"Kwa sababu mtoto alikufa, hawe. Akifa, mifupa ya kichwa hulegea, ndipo hupita. Halikuwa jina. Ilikuwa mauti." Akasimika ufito chini. "Dada, njoo. Kadzo, njoo."

Tukasimama, mimi mwanamke wa miaka hamsini na tano na yule mtoto, mgongo kwa mgongo, sote nguo mbichi. Katana mwenyewe akaja kutazama. Akaweka kiganja juu ya kichwa changu, akakipeleka mpaka kwenye ufito. Vidole viwili chini ya alama. Akaweka juu ya kichwa cha Kadzo. Pale pale. Akabaki ameshika ufito, ameinamisha kichwa. Ndipo nikafahamu sitapata gauni.

Mekatana akaitisha kata ya maji. Kwetu aliyesema neno baya akitaka kulirudisha hutia maji kinywani, huyatema chini mbele ya watu. Akatia. Akasema, "Neno nililolisema juu ya Kavumbi na Dena, nalitema," akayatema, na kwa kuwa haoni yakampata daktari kifuani. Kahonzi hakujifuta.

Mlitaka kujua kama nilimsamehe Mekatana. La. Alikufa mwaka jana na sikwenda.

Mdogo wangu nilimwambia pale pale uani, mbele yao wote, "Haya, daktari. Sasa nishone."

Alinishona Jumanne, tarehe 12 Agosti, kwa mkono wake, na Kadzo alimshona mwezi wa Novemba, vidonda vyake vilipopoa. Nililala na mpira wa kutolea mkojo siku kumi na nne. Siku ya mwisho akautoa, akavuta kiti cha mbao, akaniambia, "Kaa."

"Nitakilowesha."

"Kaa, dada."

Nikakaa. Akaketi chini sakafuni mbele yangu, daktari mzima na koti lake, akaangalia miguu ya kiti, kama alivyokuwa akiangalia yale mayai. Tukangoja. Saa nzima. Hakukutoka kitu.

Kiti hiki nimekikalia tangu asubuhi mbele ya ninyi nyote, nami siko mlangoni. Atakaye aje akiguse.

Mungu naye amlaze Kahonzi mahali pakavu.